Kulifuata Jina la Nabahani, Kutoka Mombasa Hadi Bahla

Siku ya kwanza: Mombasa

Jina la ukoo hufuatwa kinyumenyume. Anayeanza na babu wa hadithi ataishia na hadithi. Anayeanza na cheti cha kuzaliwa cha baba yake hupata pa kukanyaga. Ndiyo maana njia hii haianzii Oman, asili inayodaiwa na Wanabahani, bali Mombasa penye ofisi na karatasi. Kutoka hapa inarudi nyuma: Witu walikozimikia utawala wao, Lamu waliyoigombania, kisiwa cha Pate walikokuwa wafalme, na mwisho ng'ambo, Bahla ya Oman.

Asubuhi ni ya kalamu na daftari. Andika nasaba yako kwa "bin" na "binti", jina moja kila mstari, kuanzia aliye hai. Mbele ya kila jina weka mambo matatu: alizikwa wapi, alioa au kuolewa mlango gani, yaani tawi gani la ukoo, na nani aliyekuambia. Hilo la tatu ndilo watu huliruka, kisha wakashindwa kujua kama wana mashahidi wawili au ni mmoja aliyerudiwa mara mbili.

Usishangae jina la Nabahani lisipokuwapo kwenye kitambulisho. Utaratibu wa serikali umezoea majina matatu, lako, la baba na la babu, na nisba, yaani jina la ukoo, iliyokuwa mkiani ikakatwa. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na nyaraka zenye majina ya mwisho tofauti, mmoja akiwa na la babu na mwingine na la ukoo. Kwa hiyo tafuta kwa majina yote ya nasaba, usitafute kwa nisba pekee.

Tahajia nayo ina mtego wake. Kiswahili kimeongeza irabu katikati, tukapata Nabahani. Wanaofuata Kiarabu huandika Nabhani au Al-Nabhani, na wapo wanaomalizia kwa y, kama alivyofanya marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Matondoni kisiwani Lamu mwaka 1927 na kufariki 2017. Kwa kuwa nuni ni herufi inayomeza lamu, matamshi sahihi ya Kiarabu ni "an-Nabhani", na karani aliyeandika alichosikia ataweka Annabhani au Ennebhani. Waingereza wa zamani waliandika Nabahan na Nebhan. Orodhesha maumbo yote haya kwenye karatasi moja na uibebe safari nzima.

Katika hati za Kiarabu na za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, jina ni nuni, be, he, alifu, nuni, ye. He hiyo ni laini, ya neno hewa, si ile nzito ya Ahmad. Ukikuta he nzito, una jina jingine mkononi. Tatizo kubwa zaidi ni nukta. Nuni na be mwanzoni mwa neno zina umbo moja, zikitofautiana kwa nukta tu, moja juu na moja chini. Mwandishi mwenye haraka, au wino uliofifia, na jina linasomeka Banhani au Tabhani. Ukiona ukoo wa ajabu usioujua mtu yeyote katika hati ya Pate, hesabu meno ya herufi kabla hujasema umegundua kabila jipya.

Maana yenyewe haina fumbo. Nabhan ni jina la mtu, kutoka mzizi uleule uliotupa "tanabahi" na "tanabahisha": aliye macho, mwenye kuzindukana upesi. Nabahani basi ni wa Nabhan, nisba ya babu. Si ya mahali kama Barawi au Shirazi, wala si ya kazi. Hapo ndipo tahadhari ya kwanza inapoingia, kwa sababu akina Nabhan ni wengi. Kabila la Tayyi la Najd lina Banu Nabhan wake. Sheikh Yusuf an-Nabhani, mwanachuoni aliyefariki 1932, alitoka kijiji cha Ijzim, Palestina, na nisba yake haina uhusiano na Pate. Wetu, kwa mujibu wa wanasaba wa Oman, ni wa al-Atik, tawi la Azd, kabila kubwa la Waarabu. Anayekuletea shajara ya ukoo iliyochapwa vizuri, muulize kwanza: Nabhan yupi?

Jioni, kabla lango halijafungwa, ingia Fort Jesus usome maandishi ya Kireno juu ya lango kuu. Yaliwekwa mwaka 1639 kumsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Yanajigamba kwamba aliiadhibu Pate na Siyu mpaka akazivunja kuta za miji yao. Jina la mfalme wa Pate halikutajwa. Nakili mwaka huo uuweke akiba, utahitajika Pate.

Siku ya pili: barabara ya Witu

Mabasi ya Lamu huondoka Mwembe Tayari mapema, na anayetaka kushuka Witu aseme wakati wa kukata tiketi, la sivyo atapitishwa mpaka Mokowe. Njia ni Kilifi, Malindi, Garsen, kisha kulia kuelekea pwani. Baada ya Garsen kuna vizuizi vya polisi ambapo abiria wote huteremka na kuonyesha vitambulisho. Beba kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu. Kama unafanya utafiti rasmi, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa ruhusa za utafiti, kiwe juu ya begi.

Witu ya leo haimwonyeshi mgeni mengi. Ni mji wa barabarani, wenye mashamba na maduka, na msafiri anayetarajia kasri atahisi ameshuka kituo sicho. Lakini hapa ndipo Wanabahani walipotawala mara ya mwisho. Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, aliposukumwa nje ya Pate na nguvu ya Unguja, alikuja bara na kuujenga mji huu ndani ya msitu, akawakaribisha waliokimbia madeni, vita na utumwa. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya naye mkataba, na Witu ikawa chini ya himaya ya Ujerumani. Julai 1, 1890 Ujerumani ikaikabidhi kwa Uingereza katika mkataba uleule wa Heligoland na Zanzibar. Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake wakauawa Witu, na Oktoba manowari za Kiingereza zikaleta askari walioupiga na kuuteketeza mji. Sultani wakati huo alikuwa Fumo Bakari.

Moto huo una maana kwa mtafuta jina, maana inasimuliwa kwamba kitabu cha wafalme wa Pate, chenye nasaba ya Wanabahani, kiliungua humo. Nakala tulizo nazo leo ziliandikwa baadaye, nyingi zikitegemea kumbukumbu ya mzee mmoja wa ukoo huohuo, Bwana Kitini, yaani Muhammad bin Fumo Omar. Nakala tano zinazokubaliana si lazima ziwe mashahidi watano.

Kazi ya Witu ni ya saa chache. Ulizia wazee wa msikitini, andika majina ya milango iliyotoka Pate na mahali kila mlango ulipohamia baada ya 1890. Karatasi za Witu zenyewe haziko Witu. Za Kijerumani ziko Berlin, katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, mafaili ya wizara ya makoloni yenye alama R 1001. Za Kiingereza ziko Nairobi na London. Anayekwenda Berlin atafute kwa jina la mji na la sultani, si kwa nisba.

Siku ya tatu: Lamu

Kutoka Mokowe ni boti fupi hadi gati la Lamu. Gonga mahakama ya kadhi kwanza, kabla ya makumbusho. Omba faili za mirathi kabla ya vyeti vya ndoa. Cheti cha ndoa hutaja watu wawili na mawalii wao. Mirathi humlazimu kadhi kutaja kila mrithi, na hapo ndugu, wajomba na mabinti walioolewa mbali hujitokeza wenyewe. Utaambiwa ulete jina kamili la marehemu na mwaka wa kifo. Usipojua mwaka, toa kipindi cha miaka 5, si cha 30, maana karani hatafunua madaftari ya kizazi kizima kwa ajili yako na hana sababu ya kufanya hivyo.

Faili zikipatikana, zitakuonyesha kosa lililo la kawaida kuliko yote katika ukoo huu: nisba iliyopita kwa mama. Kwa desturi nisba hufuata baba. Lakini Wanabahani walikuwa nyumba ya ufalme, na mtoto wa binti yao alikuwa na sababu nzuri ya kulivaa jina la mamake kuliko la baba asiyejulikana. Si uongo. Ila ukipanda nasaba ya mtu huyo kwa upande wa baba, ghafla jina litakatika babu wa nne au wa tano, nawe utadhani daftari limekosewa. Rudi chini ukapande kwa mama.

Kosa la pili ni kuhesabu vyeo kama majina. Fumo ni cheo cha mtawala. Bwana na Mwana ni heshima. "Bwana Mkuu" na "Bwana Tamu" walikuwapo zaidi ya mmoja, na waandishi walilazimika kuongeza "mkubwa" na "mtoto" ili kuwatenga. Msomaji wa haraka huwaunganisha wawili kuwa mmoja na kupoteza miaka 60 hivi. Kwa kila mwenye cheo tafuta jina lake halisi: Fumo Madi, kwa mfano, ni Muhammad bin Abubakar.

Huyo Fumo Madi ndiye anayetajwa kuianzisha ngome ya Lamu, akafariki 1809 kabla ghorofa ya kwanza haijaisha. Ngome ikamalizwa miaka ya mwanzo ya 1820, na wakati huo haikuwa tena ya Pate. Kilichotokea katikati ni vita vya Shela, karibu na mwaka 1812. Jeshi la Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa lilishuka ufukweni Shela, likashindwa, na lilipotaka kukimbia maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Watu wa Lamu wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na tangu hapo Wanabahani wakawa wanapungua. Ufuko uko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mjini. Utauona ni mzuri, lakini nasaba hautakupa.

Siku ya nne: Mkanda

Boti za Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda hausubiri ratiba ya mtu. Maji yakipwa chombo hukaa. Kwa hiyo ulizia maji kabla hujaulizia nauli. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na nahodha ana nafasi zaidi ya kuchagua saa. Begi la karatasi lifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, na huo ndani ya mwingine. Boti za abiria hulowesha hata siku isiyo na upepo.

Unashuka Mtangawanda, kisha ni mwendo wa saa moja kwa miguu hadi mji wa Pate. Pikipiki zipo. Kufika Pate kwenyewe kwa maji kunawezekana yakijaa sana tu.

Jioni ya kuwasili si ya maswali. Ni ya kusalimia, kujitambulisha kwa mzee wa mji, na kueleza ulichofuata. Wapate wamezoea wageni wanaokuja kupima kuta na kuondoka bila kuaga. Swali la kwanza lisiwe "Je, wewe ni Nabahani?" kwa kuwa jibu la ndiyo au siyo halikusaidii, na kwa baadhi ya nyumba ni swali la kuwapima cheo. Uliza, "Ami, nyumba hii ni ya mlango gani, na mlango huo ulioana na nani?" Neno mlango huwafungua wazee kuliko neno ukoo. Wakitaja babu, waulize kaburi lake. Wakitaja kaburi, waombe mtu wa kukupeleka kesho.

Siku ya tano: magofu ya Pate

Mji wa kale umelala ubavuni mwa kijiji, na ndani ya kuta zake watu wanalima tumbaku. Hii si dharau. Udongo wa mahame una jivu, chokaa na taka za karne nyingi, na tumbaku inaupenda. Lakini kumbuka uko shambani mwa mtu: pita kwenye njia, usikanyage matuta, na omba ruhusa ya mwenye shamba hata kama ukuta unaoutaka ni wa sultani.

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, nyingine bado zina lipu na zidaka. Makaburi yenye maandishi ni machache, na hayo machache yanaharibika kila mvua. Usitumie chaki kujaza herufi. Chokaa ya zamani huchubuka na chaki huondoka nayo. Usibandike karatasi na kuisugua. Nenda jua linapochomoza au linapokaribia kutua, mwanga ukilala ubavuni mwa jiwe, na kila mkwaruzo utajitokeza wenyewe. Jua likikosekana, tumia kioo kidogo kuelekeza mwanga kutoka pembeni. Piga picha ya jiwe zima, kisha kila mstari mara mbili, ukiweka rula pembeni ya picha. Miaka itakuwa ya Hijria. Kuibadili, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Utakosea kwa mwaka mmoja tu, na hiyo inatosha mpaka upate jedwali.

Sasa tufike kwenye kiini cha jina. Tarehe ya Pate, yaani kile kitabu cha wafalme, inasema Nabahani wa kwanza, Suleiman bin Suleiman bin Mudhaffar, alikuja na nduguze Ali na Athman mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204. Alikuwa sultani Uarabuni. Hapa Pate alimkuta mfalme wa Wabatawi, wenyeji wa Pate, akamposa bintiye, na siku ya saba ya harusi mfalme akamkabidhi mkwewe ufalme. Ndiyo maana kila Nabahani wa Pate anaambiwa ana miaka 800 kisiwani.

Lakini soma kisa chenyewe kwa makini. Kinasema Suleiman aliondolewa Uarabuni na Alyaarubi. Ukoo wa Yaaruba ulishika uimamu wa Oman mwaka 1624, alipochaguliwa Nasir bin Murshid huko Rustaq, na Wanabahani ndio walioondoka njiani. Mwaka 1203 Wanabahani wa Oman walikuwa wenye nchi. Utawala wao unahesabiwa tangu 1154 hivi. Hawakuwa na wa kuwafukuza, na hao Yaaruba hawakuwapo madarakani. Isitoshe, vitabu vya historia vya Oman vinamjua Suleiman bin Mudhaffar, mfalme wa Bahla, lakini wake ni wakati wa karibu na mwaka 1600. Kisa na mwaka wake havikai nyumba moja. Ama mwaka ni wa kweli na sababu ya kuja ni ya uongo, ama sababu ni ya kweli na mwaka umesogezwa nyuma miaka 400.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba hapa Pate na kuandika mwaka 1969, alielekea upande wa pili: kwamba Wanabahani walishika Pate katika karne ya 17, na sehemu ya mwanzo ya tarehe hiyo imerefushwa. Wapo waliompinga, wakisema Pate yenyewe ni mji mkongwe kuliko alivyokubali. Hoja hizo mbili hazipingani. Mji unaweza kuwa mkongwe na ukoo uliokuja kuutawala ukawa mpya. Kwa maoni yetu kisa cha kufukuzwa na Yaaruba kina uzito kuliko tarakimu 600, kwa sababu tarakimu ya duara namna hiyo ni rahisi kuingizwa na mwandishi, ilhali jina la adui huwa halisahauliki.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya papo hapo, kwenye kibaraza, na nasaba uliyopewa jana. Hesabu mababu hadi Suleiman na uzidishe kwa miaka 30. Kutoka leo hadi 1203 kunahitajika vizazi 27 hivi. Ukiwa na 12, umefika miaka ya 1660. Ukiwa na 14, umefika mwanzo wa karne hiyo. Nyumba inayosema 27 bila kujikwaa nayo ichunguzwe, maana huenda aliyeiandika aliinakili orodha ya wafalme, na orodha ya wafalme si nasaba: ndugu hurithi ndugu, mjomba hurithi mpwa, na mwanamke kama Mwana Khadija, aliyetawala Pate katika karne ya 18, huingia katikati. Vizazi havipandi ngazi moja kwa kila mtawala.

Na ule mwaka wa lango la Fort Jesus? Cabreira alivunja kuta za Pate karibu na wakati uleule ambao Oman ilikuwa ikiwang'oa Wanabahani. Mji uliovunjwa na Mreno una kila sababu ya kumkaribisha mkwe mwenye jina na watu. Hilo ni kisio tu. Kwenye daftari liandikwe kwa penseli.

Siku ya sita: Siyu

Kilomita nane hivi kutoka Pate, kwa miguu au pikipiki. Siyu hufuatwa ili kujua nani si Nabahani. Watawala wake walikuwa Wafamau, akiwamo Bwana Mataka, mumewe Mwana Kupona, yule mtunzi wa utendi wa mwaka 1858. Nyumba hizi mbili zilioana na kupigana kwa zamu, na katika karatasi za karne ya 19 mtu wa Siyu huweza kuandikwa "sheikh wa Pate" kwa kuwa mwandishi hakujali kisiwa kina miji mingapi. Ngome ya Siyu inatazamwa kwa nusu saa. Rudi Lamu na maji ya jioni, ukipata.

Siku ya saba na ya nane: njiani

Lamu, Nairobi, Muscat. Ukiwa na nusu siku Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Moi Avenue, na kadi ya utafutaji hutolewa kwa ada ndogo na kitambulisho. Omba mafaili ya wilaya ya Lamu na ya mkoa wa Tana. Ya watu binafsi usiyaanze siku hiyo, hutamaliza.

Siku ya tisa: Nizwa na Bahla

Muscat hadi Nizwa ni kilomita 160 na kidogo, barabara kuu. Bahla ni kama 40 zaidi. Ibn Battuta alipita Nizwa karibu na 1331, muda mfupi baada ya kutoka Mombasa na Kilwa. Alimkuta sultani wa Kiazdi akiitwa Abu Muhammad bin Nabhan, akaeleza kwamba Abu Muhammad ni lakabu ya kila mtawala wa Oman. Kwa hiyo Wanabahani walikuwa enzini miaka zaidi ya 120 baada ya ile 1203 ya Pate. Huyuhuyu Ibn Battuta, aliyetaja Mogadishu, Mombasa na Kilwa, hakuitaja Pate. Ukimya haushuhudii kitu, ila unafaa kuwekwa pembezoni.

Bahla ndiyo makao yao. Ngome ni ya matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, na ukuta unaozunguka mji na mitende yake una urefu wa kilomita zipatazo 12. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia 1987, ikaiweka kwenye orodha ya hatari mwaka uliofuata kwa jinsi udongo ulivyokuwa ukiporomoka, ikaitoa 2004 baada ya matengenezo. Usitafute humo maandishi ya nasaba. Alichoacha Mnabahani mashuhuri wa hapa, mfalme Suleiman bin Suleiman wa karne ya 15, ni diwani ya mashairi. Tazama pia kwamba jina Suleiman bin Suleiman linarudi Pate likiwa na babu Mudhaffar. Wafalme wa Bahla walikuwa na Suleiman zaidi ya mmoja, na msimulizi wa kisiwani anaweza kuwa amewashona wawili kuwa mtu mmoja.

Usiku, kama una ndugu wa Unguja waliohamia Oman baada ya 1964, waulize swali moja: babu yao aliyeingia Afrika alishuka bandari gani? Wapo Wanabahani wa Oman waliokuja Unguja na Mombasa nyakati za Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Oman na Unguja, hawajawahi kukanyaga Pate. Jina ni lile, mkondo ni mwingine. Dalili za kuwatenga ni tatu: mahali pa kaburi la babu wa nne, lahaja ya bibi, na kama nasaba inakata kwa mtu anayetajwa na mji wake wa Oman. Wa Pate wa zamani hatakuwa na mji wa Oman kwenye nasaba. Mwenye mji huo, mara nyingi ni wa karne ya 19 au ya 20.

Siku ya kumi: Tanuf na Birkat al-Mawz

Hapa hukaguliwa ile dhana kwamba ukoo ulikwisha Oman mwaka 1624, ukabaki Pate tu. Haukwisha. Ulipanda mlimani. Wakuu wa Bani Riyam wa Jabal Akhdar waliendelea kujiita Nabhani, na wa mwisho mwenye nguvu, Suleiman bin Himyar, alisimama na imamu dhidi ya sultani wa Muscat katika vita vya miaka ya 1950, akakimbilia Saudi Arabia mwaka 1959 vilipokwisha. Tanuf, mji wake, ulipigwa mabomu kutoka angani na haukujengwa tena; kuta za udongo ziko palepale, dakika chache kutoka barabara ya Nizwa kwenda Bahla. Birkat al-Mawz iko upande wa pili wa Nizwa. Kutoka hapo ndipo gari hupanda mlima, na askari wa kizuizi hawaruhusu lisilo la magurudumu manne yenye nguvu.

Kwa aliyetoka Pate, kazi ya mwisho hapa ni kujizuia. Utapata wazee wakarimu wenye shajara ndefu, na kishawishi cha kuunganisha mkia wa nasaba yako na kichwa cha yao ni kikubwa. Kiungo kinahitaji hati au kaburi lenye majina mawili mfululizo yanayolingana pande zote, na mwaka usiopishana kwa zaidi ya kizazi kimoja. Suleiman mmoja wa huku na Suleiman mmoja wa kule hawatoshi, kwa kuwa jina hilo ni la kawaida katika nyumba zote mbili.

Karatasi ya ukoo ijazwe kabla ya kulala, kumbukumbu zikiwa mbichi. Safu ya jina: Nabahani, pamoja na maumbo yote uliyokutana nayo na mahali ulipoyakuta. Safu ya maana: wa Nabhan, Azd, kwa kauli ya wanasaba wa Oman. Safu ya kufika Pate: "600 H kwa kauli ya tarehe ya Pate, baada ya 1600 kwa kisa cha Yaaruba", zote mbili, moja chini ya nyingine, bila kufuta yoyote. Nakala moja ibaki kwa mzee aliyekupa nasaba kule Pate, na iandikwe kwa herufi anazozisoma yeye.